Nichoree mchunga

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na nyumbani wote wasalimie. Sisi huku Morogoro hatujambo, ila mvua imegoma, na Salim zile pesa bado. Usiniulize.

Nilikuomba unichoree mchunga, ile mboga chungu ya majani, na nimesikiliza ujumbe wako wa sauti. Eti mchunga ni gugu tu, nikuchagulie ua la maana! Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Wanafunzi wangu wanakula mchunga tangu wadogo, lakini kwenye vitabu vyao hawajawahi kuuona umechorwa.

Nikwambie habari ya Elizabeth Blackwell wa London. Mumewe, Alexander, alifungwa kwa madeni. Mama wa watu akahamia jirani na bustani ya mimea ya dawa ya Chelsea, akawa anachora mimea huku anaitazama. Kuanzia 1737 akatoa picha nne kila wiki, na kufikia 1739 zikatimia 500: ndicho kitabu chake A Curious Herbal. Kuchora yeye, kuchonga kwenye bamba la shaba yeye, tena kinyumenyume ili chapa itoke sawa, na kutia rangi kwa mkono yeye. Kwa pesa za kitabu mume akakombolewa. (Baadaye alikwenda Uswidi akakatwa kichwa mwaka 1747, lakini hayo tuyaache.)

Sasa picha namba 1 unadhani ni ya nini? Dandelioni! Gugu la Uingereza linaloota popote penye nyasi, la ukoo mmoja na mchunga wetu. Angeweza kuanza na waridi. Nimeikuza kwenye simu: meno ya majani yamegeukia shinani, mzizi umechorwa wote, na mbegu imewekwa peke yake na kishungi chake. Anayeshika picha ile anaweza kwenda uwanjani akaupata mmea asikosee. Hicho ndicho ninachokitaka kwako, Mwanaidi. Sitaki pambo la ukutani.

Mchunga unao vyote hivyo: ua la njano, utomvu mweupe ukivunja bua, mbegu zinazopeperuka. Uchore mzima, usikatie mzizi chini ya karatasi kama ulivyofanya kwa ule mlenda. Karatasi na rangi nitalipia mimi. Nakuomba kwa sababu mkono wako naujua, na ukisema unaacha kuchora kwa kuwa watu hawanunui, moyo unaniuma kweli. Hao wanunuzi... basi, tutaongea.

Mchunga bado unaota kando ya mihogo ya mama? Umeshatoa maua, au ni majani tu? Unaweza kuung'oa asubuhi kabla haujanyauka? Rangi ya njano ipo, au nikununulie huku? Na Bi Rehema, mguu umepona? Anapika mchunga wa nazi kama zamani? Utanijibu lini?

Wako,
Zuhura