Ruhusa za kurasa baada ya fork

Kaka Musa,

Salaam nyingi. Kodi yako nimeisoma yote. Unasema kwenye kerneli yako ya x86-64, mchakato mzazi akiandika kwenye ukurasa wa kumbukumbu baada ya fork (mwito unaozaa mchakato mtoto; wawili hao wanashiriki kurasa, na ukurasa unanakiliwa mmoja wao anapouandika), safari nyingine mtoto anaiona thamani mpya, safari nyingine haioni. Kosa la kuja na kuondoka namna hiyo linanipeleka moja kwa moja kwenye TLB, hifadhi ndogo ya prosesa inayokumbuka tafsiri za anwani.

Biti 1, ya kuandika, umeiondoa kwenye majedwali ya kurasa yote mawili, la mzazi na la mtoto, na hapo uko sahihi. Lakini prosesa haisomi jedwali kila mara. Inatumia tafsiri iliyokwisha kuiweka kwenye TLB, na humo ukurasa wa mzazi bado unaandikika. Taima ikilia mapema na kerneli ikabadili mchakato, CR3 (rejista inayoonyesha jedwali la kurasa linalotumika) inaandikwa upya, TLB inasafishwa, na kosa halionekani. Mzazi akiwahi kuandika kabla ya hapo, anaandika kwenye fremu (kipande cha kumbukumbu halisi) ambayo sasa ni ya wote wawili.

Kwa hiyo ukipunguza ruhusa ya ukurasa mmoja, ita invlpg (amri ya prosesa inayofuta tafsiri ya ukurasa mmoja kwenye TLB) kwa anwani yake papo hapo. Kwenye fork unagusa kurasa nyingi, basi andika CR3 upya mara moja mwishoni. Mzazi akiwa na nyuzi (threads) kwenye viini vingine vya prosesa, vipelekee interapti navyo visafishe, na usirudi kutoka fork mpaka vyote vimejibu. Kuongeza ruhusa hakuna hatari hiyo: tafsiri ya zamani italeta hitilafu moja ya bure tu, hendla (kodi ya kerneli inayopokea hitilafu za kurasa) iangalie ingizo la ukurasa kwenye jedwali, ikikuta linaruhusu, irudi.

Angalia pia rejista ya CR0, biti 16. Ikiwa imezimwa, kerneli inapita juu ya kurasa za kusoma tu bila hitilafu yoyote, kwa hiyo mwito wa read() utamwaga data kwenye fremu ya pamoja na utaona dalili ileile. Iwashe kwenye kila kiini.

Ngazi za juu za jedwali ziachie biti 1 na biti 2 (ya kutumiwa na programu za kawaida), ubane kwenye ngazi ya mwisho, maana kuandika na kutumiwa na programu za kawaida vinahitaji kibali cha ngazi zote nne. Biti 63 ni kinyume: ikiwekwa kwenye ngazi moja tu, kodi haitekelezwi chini yake. Kabla ya kuitumia, washa biti 11 ya rejista ya EFER, la sivyo utapata hitilafu yenye biti 3 kwenye namba yake.

Kwenye hendla, namba ya hitilafu 7 ni programu kuandika palipofungwa, 3 ni kerneli kufanya hivyo. Usinakili kila ukiona namba hizo, kwani kuna kurasa ambazo ni za kusoma tu kweli. Biti 9 hadi 11 za ingizo prosesa haizijali. Chukua moja iwe alama ya kunakili. Fremu ikibaki na mwenyewe mmoja, rudisha biti 1 bila kunakili.

Ukimaliza kurekebisha, chapisha CR2 (rejista yenye anwani iliyoleta hitilafu) na namba ya hitilafu kwenye mlango wa siriali, unitumie maandishi yote yaliyotoka.

Wako,
Hamisi