Wazazi, mkono wa mtoto uachiwe upumzike

Mhariri, naomba nafasi gazetini mwako niseme na wazazi wenzangu. Kila nikipokea simu kutoka nyumbani Tanga, kuna anayeniuliza jinsi ya kumpatia mwanawe nafasi ya kusoma bure chuo kikuu cha Marekani kwa kipaji cha michezo.

Naishi Birmingham, Alabama. Huku vyuo vya Auburn na Alabama ndio Simba na Yanga wetu, lakini vyote viwili viliwakabidhi wachezaji wao kwa daktari mmoja, James Andrews, bingwa wa upasuaji wa mifupa. Ujanani alikuwa mrukaji hodari wa upondo chuoni Louisiana State. Mwaka 1985 alimpasua bega Roger Clemens, mrushaji wa timu ya Boston Red Sox katika besiboli, mchezo ambao mmoja hurusha mpira na mwingine huupiga kwa gongo, na mwaka uliofuata Clemens akawatoa wapigaji 20 katika mchezo mmoja.

Mimi Dk. Andrews nampendea jambo jingine. Mwanangu, akiwa na miaka 12, alikuwa mrushaji wa timu mbili za besiboli mwaka mzima. Kocha alisema asipumzike, wenzake watampita, nami nikaafiki. Jioni moja nikamwona anakula ugali kwa mkono wa kushoto. Nikamkemea, nikidhani kasahau adabu. Akaniambia, "Mama, wa kulia haukunjiki." Mpaka leo nikikumbuka ile sauti moyo unaniuma.

Daktari tuliyemwendea alimwambia akutanishe kidole gumba na kidole cha mwisho. Pale kwenye kifundo cha mkono ikasimama kano nyembamba kama uzi wa mshipi. Akatueleza kuwa kano ya kiwiko ikikatika, mara nyingi hiyo ya kifundoni ndiyo huchomolewa ikapachikwa badala yake, na mrushaji hukaa nje mwaka mzima au zaidi. Wetu, alhamdulillahi, haikukatika. Alipumzishwa miezi minne.

Ndipo nikajua kwamba Andrews alikuwa amekwisha kupiga kelele miaka mingi. Aliona vyumba vyake vya upasuaji vinaletewa watoto wa sekondari wenye viwiko vilivyochakaa kama vya wachezaji wa kulipwa. Taasisi ya utafiti aliyoianzisha hapa Birmingham mwaka 1987 ikachunguza mirusho ya watoto, na mwaka 2007 ligi ya besiboli ya watoto, Little League, ikaweka kikomo: mwenye miaka 11 au 12 asizidishe mirusho 85 kwa siku. Ushauri wa taasisi hiyo ni kwamba mtoto asirushie timu mbili msimu mmoja, na kila mwaka apate miezi miwili mitatu, ikiwezekana minne, bila kurusha kabisa. Mtu ambaye riziki yake ni kisu anawaomba wazazi wasimletee watoto! Alikiweka chini mwanzoni mwa 2024, baada ya miaka kama hamsini.

Kwa hiyo ndugu zangu, mkinipigia simu kuhusu nafasi za chuo, nitawaambia ninayoyajua. Ila nitaanza kwa kuuliza mtoto anapumzika miezi mingapi.

Mzazi Mtanzania,
Birmingham, Alabama