YAH: Maboksi ya kufunika boriti na nguzo za zege mliyofunga nyumbani kwangu, Mkomani, Lamu

Kwa Meneja,

Assalaam aleikum.

Nimejizuia siku tisa kabla ya kuandika, maana siku ya kwanza ningeandika maneno yasiyofaa kutoka kwa mtu mzima. Mkataba mnao, ankara mnayo, na dhamana ya miaka 2 mliiandika wenyewe. Sitawasomea karatasi zenu.

Naanza na Jumanne ile. Msimamizi wenu alikuja kukagua. Aliingia na viatu, akapita juu ya mkeka, akasimama chini ya boriti ya sebuleni. Boksi lilikuwa limefura kwenye maungio yote, na ile karatasi ya juu yenye sura ya mbao imebanduka inaning'inia. Nikamwambia kwa adabu kwamba hii si mvule niliyolipia. Akanijibu, mbele ya mama mkwe wangu na wanangu: "Mama, kwani wewe wajua mbao?"

Baba yangu alichonga milango katika mji huu mpaka macho yalipomshinda. Mimi nimekua nikicheza juu ya maranda ya mbambakofi. Mbao naijua kwa harufu kabla sijaiona.

Niliagiza kitu kimoja tu. Dari yetu ya juu ilipooza, fundi wa ujenzi alitia boriti mbili za zege na nguzo moja. Zege tupu ndani ya nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, pembeni ya vyumba vyenye boriti za mkandaa, ni kama kidonda usoni. Mji huu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na sisi tunaoishi humu ndio tunaoulinda kwa mifuko yetu. Kwa hiyo nikataka maboksi ya mvule ya kufunika zege, yenye nafasi ya hewa ndani na kidirisha kidogo cha kukagulia. Yote hayo yamo kwenye mchoro mliouweka sahihi.

Mlicholeta ni emdiefu, unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kuvikwa karatasi. Kitu hicho kikinywa maji hufura na hakirudi tena kilivyokuwa. Na kilikunywa maji mapema! Furushi moja lililowa gatini mzigo uliposhushwa kutoka Mokowe, nikamwonyesha fundi wenu kabla punda hajapakiwa, akasema yatakauka. Misumari nayo ni ya kawaida, hapa ambapo hewa ya chumvi hula hata bawaba. Sasa michirizi ya kutu inashuka juu ya chokaa yangu nyeupe.

Kibaya zaidi, mmegandisha mbao moja kwa moja kwenye zege. Hakuna hewa, hakuna kidirisha. Chuma kilichomo ndani ya zege kikishika kutu hufura na kulipasua zege, na mimi sitaona ufa wowote mpaka kipande kimwangukie mtu. Wanangu hulala chini ya boriti ile. Nimewahamishia ukumbini.

Nirudi kwa msimamizi, kwa sababu sikumaliza. Aliposema "kwani wewe wajua mbao", alinyoosha mkono akabonyeza boksi kwa kidole gumba kuonyesha kwamba ni gumu. Kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa chai. Sote tuliona. Hakuomba radhi. Alikitoa kidole kina unga unga, akakipangusa kwenye ukuta wangu, pale pale pembeni ya kidaka, halafu akamuuliza mwanangu wa miaka kumi na minne: "Baba yuko wapi, nizungumze na mwenye nyumba?" Mwenye nyumba alikuwa amesimama mbele yake. Hati ina jina langu, na shilingi 186,000 zilitoka kwenye simu yangu. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kumfukuza mgeni, aliinuka akamfungulia mlango. Alama ya kidole ipo mpaka leo, nimekataza isifutwe.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba mbadilishe maboksi tu. Sasa sitaki tena mbao yenu. Nataka fedha zangu zote, mje mbandue mlichobandika bila kuchubua zege, na mlipe fundi wa chokaa nitakayemchagua mimi, si saruji ya kuziba ziba inayofungia unyevu ndani ya mawe. Nataka pia radhi kwa maandishi, yenye jina la mama mkwe wangu na langu.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, nakwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na langu linaingia humo vizuri. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na fidia ya hasara. Picha ninazo, na kipande cha boksi nimekihifadhi. Na kila mwenye nyumba Mkomani na Langoni anayefikiria kuwaita nitamkaribisha aje aubonyeze ubao mwenyewe.

Msimamizi yule asitumwe tena. Akija, mlango hautafunguliwa.

Wenu,
Mwenye nyumba