Mkono uliopooza kwa ajali ya bodaboda: Mtafute mpasuaji wa neva mapema

Mhariri,

Anayerushwa na pikipiki akatua kwa bega, shingo ikivutwa upande wa pili, mara nyingi hushughulikiwa kwanza kwa mifupa iliyovunjika. Mtulinga unaungwa, mkono unaning'inizwa kwa kitambaa, kisha anaambiwa arudi nyumbani asubiri nguvu zirejee. Kusubiri huko bila mpango ndiko kunakopoteza mikono mingi hapa Nairobi.

Neva tano zinazotoka shingoni kwenda mkononi zinaweza kuwa zimevutika tu, zimekatika, au zimeng'oka kabisa kwenye uti wa mgongo. Iliyovutika huweza kupona yenyewe. Iliyong'oka haiponi hata ungoje miaka. Neva hukua takriban milimita moja kwa siku, nao msuli uliokosa neva husinyaa; ukipita mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, haupokei tena neva hata ikifika. Ndiyo maana upasuaji wa jeraha la kuvutwa hufaa zaidi kati ya mwezi wa 3 na wa 6 baada ya ajali. Jeraha la kisu au kioo ni habari nyingine: hilo lifunguliwe na kushonwa ndani ya siku chache.

Kipimo cha umeme wa neva na misuli kifanywe wiki ya 3 au ya 4, maana kikifanywa mapema zaidi hudanganya. Lakini rufaa isingoje kipimo. Ukiona kope la upande ulioumia limelegea na mboni ya jicho hilo ni ndogo kuliko ya pili, mwambie daktari siku hiyo hiyo, kwani ni dalili ya neva kung'oka.

Sasa, ni daktari yupi? Anaweza kuwa mpasuaji wa mifupa, wa kurekebisha maumbile, au wa ubongo na uti wa mgongo. Cheo si hoja. Hoja ni kama alisomea zaidi upasuaji wa neva kwa hadubini. Sajili ya KMPDC, baraza linalosimamia madaktari nchini Kenya, kwenye mtandao itakuonyesha kama ana leseni, ila haitakuambia uzoefu wake. Muulize mwenyewe: mwaka jana ulifanya upasuaji wa aina hii mara ngapi? Wangapi sasa wanainua kikombe hadi mdomoni?

Muulize pia atafanya nini akikuta neva imeng'oka. Hapa ndipo wanapotofautiana. Iliyokatika huungwa kwa kipande cha neva kutoka mguuni, lakini iliyong'oka haina kishina cha kuungia. Inabidi kuazima nyuzi za neva nyingine iliyo hai, kwa mfano nyuzi chache za neva ya ulna, iendayo kiganjani upande wa kidole cha mwisho, zikaunganishwa na ya msuli wa kukunja kiwiko, njia iliyoelezwa na Oberlin wa Ufaransa mwaka 1994. Asiyeijua njia hii amtume mgonjwa kwa anayeijua.

Chumba cha upasuaji kiwe na hadubini, nyuzi za kushonea nyembamba kuliko unywele, na kifaa cha kusisimua neva kwa umeme. Daktari wa usingizi naye ajue mapema asitumie dawa ya kulegeza misuli inayokaa muda mrefu. Akiitumia, neva ikisisimuliwa msuli hautaruka hata neva ikiwa nzima, na mpasuaji atakata asichopaswa kukata.

Anayemwahidi mtu mzima aliyeng'oka neva zote tano kwamba vidole vitarudi kama zamani, tafadhali mkimbie. Kinachotafutwa kwanza ni kukunja kiwiko, kisha kuimarisha bega.

Huku mkisubiri, bega, kiwiko na vidole vikunjwe na kunyooshwa kila siku ili viungo visikakamae, na mkono wenye ganzi uwekwe mbali na jiko na sufuria ya chai. Siku ya kuonana na mpasuaji bebeni barua ya kuruhusiwa hospitalini, picha za MRI na majibu ya kipimo cha umeme. Juu ya faili andikeni kwa kalamu nene tarehe ya ajali, kwa sababu miezi yote huhesabiwa kutoka hapo.

Wataalamu wa tiba ya viungo,
Nairobi