Mbwa na sumaku ya dunia: ipimeni na huku Mufindi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hii habari ya mbwa kuhisi sumaku ya dunia kila ikitajwa, iwe redioni iwe kwenye magrupu ya WhatsApp, watu wanaishia kwenye kinyesi tu, eti mbwa akitaka kujisaidia lazima aelekee kaskazini, wanacheka weee halafu mada imekufa. Mi nafuga mbwa hapa Mafinga, wilayani Mufindi, na hii habari nimeifuatilia muda sasa, na kinachoniuma ni kwamba watu wameshika kipande chake kilicho dhaifu wakaacha kile chenye nguvu.

Hicho cha kinyesi kipo kweli. Kilitoka mwishoni mwa 2013, watafiti wa Ucheki na Ujerumani, kina Hynek Burda na Sabine Begall na wenzao, walifuatilia mbwa 70 wa aina 37 kwa miaka miwili wakawa wanaandika kila mbwa akinya au akikojoa mwili kaulaza upande gani, wakapata kunya 1,893 na kukojoa 5,582, na 2014 wakapewa Ig Nobel, ile tuzo ya tafiti zinazochekesha kwanza halafu zinafikirisha. Ila wanaosambaza hawakwambii kwamba data zote zilipowekwa pamoja hakukuonekana kitu, mbwa walielekea kokote. Walipozitenga zile za wakati sumaku ya dunia imetulia kabisa ndo ukatokea ule mstari wa kaskazini-kusini, na kutulia hivyo kwa muda wa mchana ni kama asilimia 20 tu. Sasa data ukiigawa-gawa kwa namna nyingi kuna siku utapata kitu hata kama ni bahati tupu. Sisemi walidanganya, kwanza wenyewe waliandika wazi jinsi walivyozigawa, nasema utafiti huo peke yake hautoshi mtu kusema imethibitishwa, na anayemfundisha mtoto kwamba akipotea msituni aangalie mbwa anakojoa kaelekea wapi anampoteza zaidi.

Wenye uzito ni ule wa 2020, nao wa Ucheki, aliyeuongoza ni Kateřina Benediktová, na Burda yumo. Walichukua mbwa wa kuwinda 27 wakawavisha kola za GPS wakawaachia kwenye misitu wasiyoizoea wafuate harufu ya mnyama, mbwa akishapotelea huko mwenye mbwa anajificha, halafu wanaangalia anarudije. Kati ya 2014 na 2017 walipata safari zaidi ya 600. Mara nyingi mbwa alirudi kwa kunusa njia ileile aliyoendea, hiyo haina maajabu, kila mwenye mbwa anaijua. Lakini kuna safari 223 ambazo mbwa alikata njia mpya kabisa ambayo hakuipitia, na katika 170 kati ya hizo, kabla ya kushika njia alikimbia kwanza kama mita 20 hivi kwa mstari wa kaskazini-kusini, hata kama bwana wake hakuwa upande huo, ndipo akageuka kurudi. Na waliokimbia hivyo walifika haraka kuliko wasiokimbia! Watafiti wenyewe wanaona ni kama mbwa anaiweka sawa ramani iliyoko kichwani mwake kabla hajaanza safari.

Hata huo una pengo, maana hakuna mbwa aliyefungwa sumaku ndogo shingoni ili ionekane kama atapotea, na mpaka hilo lifanyike na likubali, mi nasema inaelekea kuwa kweli, sisemi ni kweli. Kwenye macho ya mbwa, mbwamwitu, mbweha na dubu ilipatikana protini inaitwa kriptokromu 1, wakaitangaza 2016, protini za jamii hiyo ndo zinazodhaniwa kuwasaidia ndege kuhisi sumaku, na kwa paka na simba haikuonekana. Kuwa na kifaa jichoni na kukitumia ni mambo mawili.

Sasa kwa nini nasumbua gazeti la huku. Huyo Burda jina lake lilianza na fuko wa Zambia, hapo jirani tu ukishavuka Tunduma, ndugu wa hawa fuko wanaotumalizia viazi mashambani, mwaka 1990 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba wanyama hao wanajua uelekeo kwa sumaku, halafu 1997 ikaonekana wanatofautisha kabisa ncha ya kaskazini na ya kusini, humohumo gizani chini ya ardhi. Ndege hawako hivyo, wao wanasoma mistari ya sumaku imeinama vipi. Na mwinamo huo huku kwetu uko kinyume na wa Ulaya, maana ikweta ya sumaku, yaani pale mistari hiyo inapolala bila kuinama, kwa Afrika inapita juu kule Ethiopia, sisi tuko kusini yake, na sumaku yenyewe huku ni dhaifu kuliko ya Ulaya. Kwa hiyo mbwa wa kienyeji wa Mufindi akipimwa vizuri anaweza kutuambia kitu ambacho mbwa wa Ucheki hawezi, kama anatumia dira ya fuko au ya ndege au hana kabisa, maana mwinamo ukigeuka dira ya ndege inageuka nayo, ya fuko haigeuki. Hapo ndo utamu wa hii habari ulipo jamani, na hakuna anayeugusa!

Naomba wasomi wa vyuo vikuu, SUA cha Morogoro na MUST cha hapo Mbeya, walichukue hili. SUA ndo nyumbani kwa APOPO, waliofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na TB, mbwa hawatawashinda. Kola za GPS siku hizi zipo, na mbwa wa walinzi wa mashamba ya miti na wa wachungaji wanazurura kila siku bila mtu kuwapangia safari, wala hakuna haja ya kuwinda mnyama yeyote.

Angalizo moja tu, wasikimbilie shamba la miti la Sao Hill kwa sababu ni karibu na barabara. Ile misonobari imepandwa kwa mistari, mbwa atakimbia akifuata mstari wa miti halafu mtu atatangaza kagundua dira. Waende kwenye misitu ya asili kule kwenye kingo za Mufindi, au kama ni lazima Sao Hill basi wachague vitalu ambavyo mistari yake imeelekea pande tofauti tofauti, na waende mwezi wa sita au wa saba wakati ukungu umefunika na jua halionekani, ili asije mtu akasema mbwa alifuata jua.

Mfuga mbwa na msomaji wenu,
Mafinga, Iringa