Mjomba, kuhusu lile la Bunge kufukuza majaji

Shikamoo mjomba,

Siku ya arobaini ya bibi ulipoliweka lile faili la kesi ya shamba kwenye mkeka, limefungwa kamba ya katani maana limevimba halifungiki tena, ukasema Bunge lingepewa rungu la kufukuza majaji hawa watu wangenyooka, mimi nilinyamaza kwa sababu ya wageni. Ila limenikaa rohoni. Kesi imepigwa kalenda mpaka tumechoka, nauli unatoa wewe, hasira yako naielewa kabisa. Lakini hilo la Bunge hapana mjomba, naomba nikuambie yaliyotokea Sri Lanka.

Katiba yao ya 1978, ibara ya 107, inasema jaji wa mahakama ya juu anaondolewa na Rais baada ya Bunge kupitisha ombi kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote, kwa tabia mbaya iliyothibitishwa au kushindwa kazi. Sasa ishike hiyo "iliyothibitishwa". Imethibitishwa na nani? Katiba ikaliachia Bunge lipange utaratibu kwa sheria au kwa kanuni zake za kudumu, wakachukua njia fupi ya kanuni, yaani kamati ya wabunge wenyewe ndiyo inachunguza na ndiyo inasema ana hatia.

Jaji Mkuu wao alikuwa Shirani Bandaranayake, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho, aliteuliwa 2011. Mwaka 2012 mahakama yake ikasema muswada mmoja wa serikali, ambao ungempa nguvu kubwa waziri wa maendeleo ya uchumi aliyekuwa mdogo wake Rais Mahinda Rajapaksa, hauwezi kupita bila mabaraza ya majimbo kuulizwa. Mwanzoni mwa Novemba hoja ya kumwondoa ikatua kwa Spika, sahihi 117, mashtaka 14. Kamati watu 11, saba wa chama tawala. Mjomba, walimkabidhi karatasi kama 1,000 jioni, kesho yake mchana awe tayari kujibu! Wewe faili letu la shamba tu wakili alilisoma wiki mbili. Akatoka na mawakili wake, kesho yake wapinzani wanne nao wakatoka, mashahidi wakasikilizwa yeye hayupo, na tarehe 8 Desemba ripoti ikatoka kwamba ana hatia kwa makosa matatu.

Mahakama Kuu Kabisa ikasema kamati iliyoundwa kwa kanuni tu haina mamlaka ya kumtia jaji hatiani, lazima iwepo sheria, na Mahakama ya Rufani ikaifuta ile ripoti. Bunge likapiga kura hivyohivyo tarehe 11 Januari 2013, 155 kwa 49, siku mbili baadaye Rais akasaini.

Na usidhani angalau Bunge linawatoa wabaya. India 1993 Jaji V. Ramaswami alikutwa na makosa 11 kati ya 14 na kamati ya wanasheria wazito, mambo ya fedha za ofisi, halafu bungeni 196 wakasema aondoke na 205 wa chama tawala na washirika wake wakakaa kimya wasipige kura, basi akabaki jaji. Kwa hiyo anayewaudhi wanamtoa, ambaye hajawaudhi anabaki hata akikutwa na makosa.

Kwetu Tanzania, ibara ya 110A ya Katiba, Rais anaunda tume ya watu wasiopungua watatu kumchunguza jaji, mwenyekiti na angalau nusu ya wajumbe wengine wawe majaji kutoka nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola, wabunge hawapigi kura. Najua utasema Rais mwenyewe ndiye anaiunda, na hapo tuko pamoja, mimi pia hilo linanikera sana. Ila kesi yako na yule jirani mwenye hela za kampeni, unataka jaji aiamue huku anamwangalia mbunge?

Yule mama Bandaranayake alirudishwa Januari 2015 baada ya serikali kubadilika, wakasema hakuondolewa kihalali tangu mwanzo. Alikaa kitini siku moja akastaafu, miaka miwili yote imeshapotea.

Mjomba, Tume ya Utumishi wa Mahakama inapokea malalamiko dhidi ya majaji. Niandikie tarehe zote kesi ilipoahirishwa na sababu uliyopewa kila mara, picha ya simu inatosha, Jumamosi nakuja tuiandike barua pamoja na faili naondoka nalo nikalitoe kopi.

Wako mpwa