Mama, jiko la mkaa lisilale chumbani

Leipzig, Ujerumani, Januari

Mama, shikamoo. Mjukuu wako naye anakuamkia. Sisi wazima, ila baridi imetushika kwelikweli. Leo tumeamkia nyuzi 9 chini ya sifuri.

Juzi kwenye simu ulinigombeza uliponiona nafungua madirisha huku theluji inaanguka. Ukasema nitamtia mtoto kichomi, na mtandao ukakatika kabla sijajitetea.

Nyumba za huku zimezibwa kabisa. Dirisha lina vioo viwili na mpira pembeni. Ukilifunga, hata tramu ikipita huisikii. Joto halitoki, na pumzi zetu nazo hazitoki. Tunapika, tunaoga, nguo tunaanika ndani. Mvuke wote huo unabaki humo humo hadi uguse mahali penye baridi, ndipo unageuka maji. Kwetu mahali penyewe ni kona ya ukuta wa nje. Tulipohamia tulivuta kabati tukakuta kuvu nyeusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, inanuka kama gunia lililolowa. Mwenye nyumba akasema ni sisi hatufungui madirisha, na hata mabegi tulikuwa hatujayafungua! Huku kwa ajili ya kuvu watu wanafikishana mahakamani.

Basi asubuhi, baada ya kupika na kabla ya kulala, nazima hita, nafungua madirisha ya pande mbili wazi kabisa, dakika tano hivi, nafunga. Hewa inabadilika, lakini kuta na makochi yanabaki na joto lake, kwa hiyo chumba kinarudi upesi. Mtoto huwa amevaa koti, wala usihofu. Jirani yetu yeye huinamisha dirisha kidogo kutwa nzima: hewa haibadiliki ya maana, ukuta unapoa, na bili inapanda. Mezani nimeweka kipima unyevu. Kikipita asilimia 60 nafungua. Kikishuka chini ya 40 na makoo yakaanza kukauka, nguo mbichi zinahamia sebuleni.

Wajerumani mambo haya wanayo tangu zamani. Mwaka 1858 daktari mmoja wa München, Max von Pettenkofer, aliandika kwamba hewa ya ukaa chumbani isizidi sehemu moja katika elfu, la sivyo hewa hiyo imeshachakaa kwa pumzi za watu. Kipimo chake kinatajwa hadi leo. (Huyohuyo mwaka 1892 alikunywa vijidudu vya kipindupindu mbele ya watu ili kubishana na wenzake, na hakufa. Ubishi wa babu haujafika huko.)

Lakini Mama, barua hii nimeiandika kwa sababu ya jiko la mkaa. Juni haiko mbali, na baridi ya Njombe naijua. Mkaa ukishaiva ukawa mwekundu bila moshi, watu huona sasa unafaa kuingia chumbani. Hapo ndipo unapoua. Unatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na inashika damu mahali pa oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki. Kuvu yangu angalau inanuka. Gesi hiyo haibishi hodi. Na kule kwetu, baridi ikianza, watu wanaziba hata upenyo wa chini ya mlango kwa kanga.

Mwambie Baba Mdogo asiingize jiko chumbani kwa Bibi, hata kama ni la kupasha kitanda tu halafu litolewe, maana usingizi huwahi. Waote moto jikoni, mlango ukiwa wazi, kisha walale na mablanketi. Dada nimemtumia hela ya mablanketi mawili mazito, yale ya manyoya, asiuziwe mepesi. Inayobaki ni ya fundi: atoboe matundu juu ya ukuta wa jiko la kuni, upande usiopigwa na mvua, na dirisha lile lililozibwa kwa bati alifungue. Kikohozi chako cha asubuhi nakisikia hata kwenye simu.

Wasalimie wote. Jumapili nitapiga.

Mwanao,
Tumaini